Siku Nne za Kutafuta Korongo, Mama Mdogo Akisubiri Nyumbani

Wenzangu wa karakana, tangu nirudi kila mmoja ananiuliza kipande chake. Mmoja anataka habari za Kebirigo, mwingine anataka kujua nilikula nini, na Ondari ameshatangaza hadi kwa muuza chai kwamba nilikamatwa Manga. Sikukamatwa. Nimechukua daftari hili niandike yote kwa mpangilio, mpitishiane, halafu mniache nisugue vinyago vyangu vya mawe kwa amani.

Suneka: nilivyotumwa

Mnamjua mama mdogo, Bosibori, anayemfuata mama yangu. Ana kipande cha shamba kule chini kwenye kinamasi, pale kikundi cha akina mama kinapolima. Kipande hicho ndicho kinachomlisha yeye na watoto wake watatu. Msimu huu alipanda mbegu za mahindi za pinki, zile za dukani zilizopakwa dawa zisiliwe na wadudu. Siku chache baadaye korongo mmoja mwenye taji akaokotwa amekufa pembeni mwa mahindi yake. Mtu akampasua, akakuta mbegu za pinki kooni. Na tangu hapo hakuna aliyewaona tena wale ndege, ambao zamani walikuwa wakicheza kule chini kama watu walioalikwa harusi.

Mwenyekiti wa kikundi, Mama Kerubo, hakuzunguka. "Bosibori ametumalizia ndege," akasema mbele ya watu. "Tumewakuta hapa, na tungewaacha hapa." Ikaamuliwa kikundi kikae Jumatatu. Kama mama mdogo hatakuwa na la kujitetea, arudishe kipande.

Jumatano jioni alinikuta nikiosha vumbi la mawe mikononi.

"Moraa, wewe hupenda kutembea bure. Sasa utembee kwa kazi."

"Niende wapi, mama?"

"Manga. Kebirigo. Popote penye kinamasi. Kama huko korongo ni wengi, basi wa hapa nimewamaliza mimi, nitatoka. Kama na huko wamekwisha, waniambie mimi nilifika lini Kebirigo."

Niliona hiyo ni akili kubwa sana. Tangu niachie shule kidato cha pili nimekuwa nikiota safari. Ndoto zangu, kusema ukweli, zilikuwa za Mombasa na ndege ya kupanda, lakini ndege ni ndege.

Suneka hadi Kisii: mvua na mtu wa agroveti

Alhamisi nilitoka kwa miguu mapema ili nauli yangu ibaki ya mbele. Nilipoingia mjini Kisii, mvua ikamwagika ile ya kwetu isiyoomba ruhusa. Nikajificha kwenye baraza la agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo. Mwenye duka alikuwa kijana wa koti jeupe, wateja wote wakimwita daktari. Mvua ilikaa muda wa kuchemsha maharagwe hadi yaive. Nikaona nisikae bure.

"Daktari," nikamwambia, "hizi mbegu za pinki zinaweza kuua korongo?"

Akanitazama, akatazama mlango, akashusha sauti. "Dada, hapa hatuuzi dawa ya ndege. Nenda tu salama."

"Sitaki kuwaua."

"Wote husema hivyo."

Ilinichukua muda kumweleza habari za mama mdogo. Alipoelewa alicheka, akanisogezea kiti na kunikatia nusu ya ndizi zake za kuchemsha, bado zina moto.

"Mbegu za dukani karibu zote zina dawa," akasema. "Ndege akizila, ni hatari, ndiyo maana tunawaambia watu wafukie vizuri. Lakini sikiliza. Hizi nauzia watu wa Suneka, watu wa Keroka, watu wa Nyamira, mpaka huko Kebirigo unakokwenda."

Nikaiweka ndizi chini. Kumbe ile akili ya mama mdogo ilikuwa na tundu. Hata kama korongo wangekuwa wamekwisha Kebirigo, mtu angeweza kusema wameuawa na pinki ya Kebirigo.

"Sasa nifanye nini?"

"Tafuta mahali ambapo watu hawapandi mbegu za duka. Korongo wakikosekana na huko, basi kuna kitu kingine. Halafu tafuta mahali wanapozipanda, uone kama ndege bado wapo." Akamaliza ndizi yake. "Usitazame tu kama ndege wapo au hawapo. Tazama pia ni nini kingine kipo."

Mvua ilipoisha nilimshukuru mara mbili, na hata sasa namshukuru. Hakuniuzia hata sindano.

Manga: watu watatu, sababu tatu

Bodaboda alinipandisha hadi juu Manga, kisha nikateremka kwa njia ya miguu kuelekea bondeni. Hapo ndipo Ondari alipotolea uongo wake. Wiki ile watu wa huko walikuwa wamesikia kwamba kuna maafisa wanaoandika mikaratusi, yaani blugamu, iliyopandwa karibu na maji, ili ing'olewe. Mimi nikatokea na daftari, nikitazama juu ya miti nitafute ndege.

Mzee mmoja akaja mbio kutoka shambani kwake, kofia mkononi.

"Mtoto wangu, hii blugamu sikupanda mimi. Ilipandwa na marehemu baba. Na yeye aliikuta."

"Mzee, mimi natafuta korongo."

"Korongo?" Akageuka na kupaza sauti kwa jirani yake ng'ambo ya njia. "Sasa wanahesabu na ndege!"

Wakanizunguka watu kama saba, wakadai niseme ofisi yangu. Nikasema natoka kwa mama mdogo. Jambo hilo halikusaidia. Aliyeniokoa ni mama mmoja mnene, Mama Nyaboke, aliyefika na jembe begani na kuuliza, "Afisa gani huyu mwenye viatu kama hivi?" Wote wakatazama viatu vyangu vilivyochakaa. Wakanielewa.

Nililala kwake. Alinipikia ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu yetu, ambayo alikuwa ameipika tangu jana yake na kuitia maziwa. Nilikula hadi nikaona haya. Nikiwa naokota vipande vya mwisho nikatazama juu ya jiko, nikaona mahindi mazima yamening'inizwa kwenye moshi.

"Hayo ni ya nini, mama?"

"Mbegu. Hapa bondeni karibu sote tunapanda za moshi. Za duka ni za wenye mishahara."

Hapa ndipo mahali alipotaja daktari.

Ijumaa asubuhi alinipeleka kwenye kinamasi. Tulikaa hadi jua likatuchoma. Hakukuwa na korongo hata mmoja. Upande mmoja mikaratusi ilikuwa imesimama kama askari, upande mwingine mashimo ya watu wa matofali, na katikati mitaro ya kukausha maji.

Nikaanza kuuliza ni nini kiliwafukuza. Kijana wa matofali, akiwa na udongo hadi magotini, alisema ni blugamu, inakunywa maji yote. Yule mzee wa blugamu alisema ni matofali, nani ataatamia mayai kando ya tanuri? Mama Nyaboke alisema ni watoto wanaookota mayai. Sikumkuta hata mmoja aliyejitaja mwenyewe. Kila mtu alikuwa na uhakika kabisa, na kila mtu alikuwa anataja dhambi ya jirani.

Mimi sikujali sana nani mkweli. "Lakini si mbegu za pinki," nikamwambia Mama Nyaboke. "Mama mdogo amepona."

Akaweka jembe chini. "Mwanangu, mtu wa hapa akifa kwa homa, haimaanishi yule wa kwenu hakugongwa na gari. Hapa ni hapa. Bado hujui ya Suneka."

Kweli ilikuwa hivyo. Akaniambia ana kaka yake Kebirigo, Mwalimu Onsongo, mstaafu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiandika korongo kwenye kitabu kama karani. Akanifungia ndizi mbivu kwenye kitambaa, akamwita mwenye pikipiki, akamwagiza asinikimbize kwenye kona kwa sababu mimi ni mtoto wa mtu.

Kebirigo: Sabato

Tulipata pancha mara mbili. Mara ya pili mwenye pikipiki alikaa chini kando ya shamba la chai la watu, akasema, "Sista, hii tairi imeniaibisha mbele ya mgeni," nikamwonea huruma, tukala ndizi za Mama Nyaboke zote. Kwa hiyo nilibisha kwa Mwalimu Onsongo Ijumaa jua likiwa linagusa mlima.

Mke wake, Mama Nyanchoka, hakuniuliza hata jina. "Ingia upesi, oga, maji yapo, Sabato inaingia." Chakula chote kilikuwa kimeshapikwa, nyumba imefagiliwa, nguo zimepigwa pasi. Nilipotoka kuoga nikaanza kumweleza Mwalimu shida yangu. Akainua mkono.

"Hiyo ni kazi, binti yangu. Tutaongea Jumapili."

Nikaona aibu, maana mimi mwenyewe ni Msabato. Safari inasahaulisha mtu.

Jumamosi tulikuwa kanisani hadi mchana, tukala pale na watu wote, kisha Mwalimu akabaki na kwaya yake. Mimi na Mama Nyanchoka tukarudi nyumbani kwa njia ya chini, inayopita kando ya kinamasi. Kulikuwa kimya. Hakuna jembe, hakuna mtu wa matofali, hakuna ng'ombe. Mama Nyanchoka alikuwa ananisimulia habari za binti yake, nami nikamshika mkono, akanyamaza.

Walikuwa kumi na mmoja. Wamesimama kwenye maji haba na zile taji zao za dhahabu, wawili wanarukaruka wakiinamiana kama wanaosalimiana kwa heshima. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na mnajua mimi nimesugua korongo wa mawe wangapi.

Halafu nikakumbuka maneno ya mama mdogo: kama huko ni wengi, basi nimewamaliza mimi. Nikaanza kulia palepale njiani, na viatu vya kanisani nilivyoazimwa.

"Unalia nini, mwanangu? Ni wazuri, eee?"

"Ni wazuri sana, mama."

Kebirigo: Jumapili, na kitabu cha Mwalimu

Jumapili asubuhi Mwalimu alivaa gambuti, akachukua kitabu chake cha jalada gumu, tukashuka kwenye kinamasi kilekile. Kilikuwa kama soko. Watu wa matofali wanarushiana udongo, akina mama wanakata nyasi ndefu za ng'ombe, redio inaimba. Tulihesabu korongo wawili tu, mbali, nao wakaruka. Mwalimu akaandika mbili kwa huzuni.

"Unaona, binti? Wamekwisha. Zamani niliandika mpaka kumi na kitu."

"Mwalimu, jana walikuwa kumi na mmoja."

Akavua miwani. "Jana ilikuwa Sabato. Ulihesabu?"

"Kwa vidole. Sikuandika."

Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Tuliketi juu ya rundo la matofali, akafungua kitabu kutoka mwanzo. Miaka ya nyuma alikuwa akihesabu Sabato mchana, katika matembezi ya vijana wa kanisa. Kisha shemasi mmoja akamwambia kwamba kushika kalamu ni kazi, naye kwa kuwa hapendi ugomvi akahamishia hesabu Jumapili asubuhi. Akapitisha kidole chini ya ukurasa. Pale aliposimamisha Sabato na kuanza Jumapili, ndipo ndege walipopungua, ghafla, kama wamekatwa na panga.

"Walipungua juu ya karatasi," nikasema.

"Siku wanaposhuka ndiyo siku sisi hatupo," akasema Mwalimu polepole. "Hapa kila mtu ni Msabato. Nimewazika ndege wazima."

Nikamuuliza majirani wanapanda mbegu gani. Akanionyesha kwa kidole shamba lake mwenyewe: pinki, na la jirani pinki, na ng'ambo pinki. Kwa hiyo mbegu zilikuwepo na ndege walikuwepo. Nikahisi mzigo unatua. Lakini Mwalimu hakufunga kitabu.

"Usifurahi haraka. Jana uliona makinda?"

Nikafikiri. Wote walikuwa wakubwa.

Kitabu chake kilikuwa na safu nyingine, ya makinda. Ile ilianza kushuka zamani, angali akihesabu Sabato, na ikafika sifuri, ikabaki sifuri. Alisema korongo huishi miaka mingi, kwa hiyo wakubwa wanaweza kuendelea kuonekana huku hakuna anayezaliwa, na watu wakadhani mambo ni mazuri. Hutaga ndani ya nyasi ndefu zilizosimama majini. Akakumbuka mwaka ambao safu ilianza kushuka: ndio mwaka watu walipoanza kufuga ng'ombe wa maziwa ndani ya zizi na kukata nyasi za kinamasi hadi kwenye maji.

"Ni hilo tu?" nikauliza.

"Sijui kama ni hilo tu. Mayai pia huokotwa, na mitaro ipo. Lakini nyasi ndizo za kwanza kukatika, na bila nyasi hayo mengine hayana hata pa kuanzia."

Nikaitazama mikono yangu, kwa sababu nyasi za kinamasi chetu cha Suneka huwa nazikata mimi. Kwa ng'ombe wa mama, na kwa wa mama mdogo. Na Mama Kerubo pia hukata, na kikundi kizima.

Mama Nyanchoka alinisindikiza hadi barabarani na chupa ya chai na maparachichi matatu. Watu hawa hawakunijua Ijumaa, na Jumapili walinipungia mkono hadi kona.

Kurudi Suneka: kikao

Njia nzima nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Ningeweza kusema nusu: Kebirigo wanapanda pinki na korongo wapo kumi na mmoja. Hiyo ingemtoa mama mdogo, na nyasi zetu zingebaki zetu. Nilimweleza mama mdogo yote Jumapili jioni, nikamwachia yeye achague.

Alikuwa anachambua maharagwe. "Kama nilikutuma ukaangalie, ukaangalia, basi sema," akasema. Hakuniangalia.

Jumatatu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya nyumba ya Mama Kerubo. Nikasimama nikaeleza, kuanzia agroveti. Nilipofika kwenye nyasi, mabenchi yakaanza kulia.

"Kwa hiyo tumewamaliza sisi?" akauliza mmoja. "Sisi tunaokuja hapa kuhukumu?"

"Kebirigo si Suneka," akasema Mama Kerubo. Alikuwa na haki; ni yaleyale ya Mama Nyaboke. "Huko wapo Sabato. Hapa nani amewaona?"

"Hapa Sabato nani huenda kuangalia?" nikasema.

Wote walikuwa wanafikiri wako wapi Sabato mchana. Wako kanisani, wote.

Basi hukumu ikaahirishwa. Sabato iliyofuata, baada ya chakula, kikundi kizima kilishuka kinamasini na nguo za kanisa, viatu mkononi, kimya kama wezi. Tulikaa nyuma ya migomba. Nilikuwa nimeshika mkono wa mama mdogo. Baada ya muda wakaja, kutoka upande wa mto, wakizunguka mara mbili kabla ya kutua. Sita. Mama Kerubo alikuwa wa kwanza kuhesabu, na akahesabu kwa sauti, hakujali shemasi.

"Makinda?" akauliza.

"Hakuna," nikasema.

Ndipo mama mdogo akasimama. "Yule mmoja aliyekufa ni wangu," akasema. "Mfuko ulinitobokea, mbegu zikamwagika, nikaona uvivu kuzifukia. Huyo nimemuua mimi, na naomba msamaha. Lakini hawa sikuwaua."

Mama Kerubo alisogea kumpa nafasi. "Keti, Bosibori," akasema. "Hakuna anayekutoa."

Halafu, Jumapili, yakaja mambo ya nyasi, na hapo ndipo ilipopigwa kelele ya kweli, maana ng'ombe wana njaa kila siku. Mwishowe walikubaliana kila mmoja aache ukanda kando ya maji usikatwe. Walipopima kwa hatua, ikaonekana kipande chenye maji mengi kuliko vyote ni cha mama mdogo. Karibu nusu yake ingebidi iachwe.

Mama Kerubo mwenyewe aliona haya. "Tunaweza kukupunguzia," akasema.

"Acheni," akasema mama mdogo. "Wiki jana mlitaka kuninyang'anya chote. Leo natoa nusu mwenyewe. Si kitu kimoja."

Kama makinda watakuja, sijui, wala Mwalimu hajui. Nyasi bado ziko chini ya magoti. Mama Kerubo amempa mama mdogo mistari miwili ya migomba yake juu, bila kuombwa. Na nyasi za ng'ombe sasa nakata kandokando ya barabara kule mbali, ndiyo sababu nachelewa karakana asubuhi. Msimamizi asiponiamini, msomeeni hapa.